Mwenye Kiti na Mwenye Kura: Juu ya Kanuni za Vyama vya Wakuu wa Idara

Kuna dhana iliyozagaa katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki kwamba kanuni za chama si matini. Riwaya ni matini, utenzi ni matini, hata maandishi ya khanga yamekwisha kupata wahakiki wake. Katiba ya chama cha wanataaluma, kwa upande mwingine, hupitishwa alasiri ya siku ya mwisho ya kongamano, wajumbe wakitazama saa, ikatiwa saini, ikapelekwa kwa Msajili wa Vyama na kusahauliwa hadi siku ya ugomvi. Siku hiyo ndipo inaposomwa kwa makini mara ya kwanza, na wasomaji wake ni mawakili. Wahakiki wa fasihi, ambao riziki yao ni kusoma, hawana udhuru katika jambo hili. Makala haya yanadai kwamba aina moja ya kanuni hizo, yaani zile za vyama vinavyokusudiwa kuwaunganisha wakuu wa idara, ina kasoro ya msingi ambayo haiponi kwa kubadilisha maneno mawili matatu. Kasoro yenyewe ni kumkabidhi mwenye kiti kura ya wasio na kiti.

Suala hili si la nadharia tupu. Mwaka 1990 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu vya umma vinne tu, yaani Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton, na wakuu wa idara zao za lugha na fasihi wangeweza kuketi katika meza moja na nafasi ikabaki. Kati ya Desemba 2012, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilipopata hati yake huko Nyeri, na Oktoba 2016, Mlima Kenya ulizungushiwa vyuo kama shamba linavyozungushiwa ua: Karatina, Chuka, Meru, Embu, Kirinyaga, Murang'a, na Laikipia upande wa Nyahururu. Mzazi wa Gakindu, katika Mukurweini, ambaye zamani alimsindikiza mwanawe hadi kituo cha mabasi ya Nairobi na kumwombea dua, sasa ana vyuo vikuu vitatu vya umma ambavyo anaweza kuvifikia na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Si vyote vinavyofundisha fasihi kwa uzito sawa. Hata hivyo, idara changa ndizo zinazohitaji chama kuliko zote: zinahitaji watahini wa nje, wasimamizi wa tasnifu, majarida ya kuchapishia, na sauti moja mbele ya wanaopanga mitaala na kuteua vitabu vya kutahiniwa shuleni. Haja ya chama haibishaniwi hapa. Kinachobishaniwa ni nani awe mwanachama.

Chukua kifungu cha aina inayojitokeza karibu kila mara wazo la chama kama hicho linapozuka: mwanachama atakuwa mkuu wa idara kwa wadhifa wake, idara itawakilishwa na mkuu huyo, uanachama utakoma atakapoacha kushika wadhifa. Sentensi hizi tatu zina sura ya unyofu. Mfano ulio karibu na mkono wa mwandishi wake ni wa Marekani, ambako vyama vya idara vilivyo chini ya Modern Language Association huihesabu idara yenyewe kuwa mwanachama: idara hulipa ada, na mwenyekiti wake huisemea. Mnakili huona kifungu. Haoni ardhi ambamo kifungu kimepandwa. Tamko la mwaka 1966 kuhusu utawala wa vyuo, lililoandaliwa na chama cha maprofesa wa Marekani pamoja na baraza la vyuo na jumuiya ya bodi za usimamizi, linataka mwenyekiti wa idara apatikane ama kwa uchaguzi wa idara ama kwa uteuzi unaofuata mashauriano na wanaidara, uteuzi ambao kwa kawaida uafikiane na maoni yao. Aidha, linasisitiza kwamba cheo hicho kiwe cha muda maalumu, na kwamba haki ya mtu kuendelea kuwa mwalimu ni haki ya pekee, isiyofungamana na kiti. Yamkini si kila chuo cha Marekani kinatii. Lakini angalau mwenyekiti anayeisemea idara katika mfano ule anadhaniwa kuwa ametoka ndani ya idara.

Katika vyuo vya umma vya Kenya hali ni nyingine. Kwa kawaida mwenyekiti wa idara hupokea barua ya uteuzi iliyotoka juu, kwa Makamu wa Chansela, na barua hiyo inaweza kufuatwa na nyingine ya kuiondoa. Wenzake huenda wakaulizwa maoni au wasiulizwe. Mtu huyu anapoketi katika chama cha wakuu wa idara na kuinua mkono, mkono unaoinuliwa una wenyewe wawili: yeye, na aliyemwandikia barua. Cha kuazima hakisitiri matako, wahenga wamekwisha kusema, na kiti cha kuazima hakina budi kuhesabiwa humo.

Sarufi ya kanuni

Kabla ya kuingia katika historia, ni vyema kuitazama lugha yenyewe. Kifungu kisemacho kwamba idara itawakilishwa na mkuu wake kimejengwa juu ya tamathali mbili ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anazijua. Ya kwanza ni tashihisi: idara inapewa kinywa, nia na kura. Idara imeamua, idara imeridhika, idara inapinga. Idara haiwezi kufanya lolote kati ya hayo. Wanaofanya ni walimu wanane, au watatu, au kumi na watano, ambao pengine hawajakutana tangu muhula ulipoanza. Ya pili ni sinekdoki, yaani sehemu kusimamia kitu kizima: kichwa kinasimama badala ya mwili. Katika shairi tamathali hizi hazimdhuru mtu. Katika kanuni hugeuka sheria, na msomaji anaambiwa kwamba kichwa kimesema na kwa hiyo mikono na miguu imesema.

Kisha kuna kauli ya kutendwa. Kiswahili kinaitendea haki kauli hii kwa kumleta mtenda baada ya 'na': barua iliandikwa na katibu. Waandishi wa kanuni wana tabia ya kuikata sentensi kabla haijafika kwenye 'na' hiyo. Mwakilishi atateuliwa. Mkutano utaitishwa. Uanachama utasitishwa. Nani atateua, nani ataitisha, nani atasitisha? Mwandishi wa riwaya angeandika sura nzima kwa namna hii, mhakiki yeyote angemshtaki kwa kukimbia wajibu. Mwandishi wa kanuni anasifiwa kwa lugha rasmi. Isitoshe, kiambishi '-ta-' kimebebeshwa mzigo usio wake. 'Mwenyekiti ataitisha mkutano mara moja kwa mwaka' ni sentensi ambayo mnajimu angeweza kuitoa bila kubadilisha neno. Inabashiri zaidi ya inavyoamuru. Wapo wenyeviti waliokaa miaka mitatu bila kuitisha mkutano, wala hawakuona kwamba wamevunja chochote. Ubashiri haukutimia, basi.

Jina la cheo nalo lina mambo. 'Mkuu wa idara' na 'mwenyekiti wa idara' hutumiwa kana kwamba ni visawe. Sivyo. Mwenyekiti ni mwenye kiti: amepewa mahali pa kuketi ili mazungumzo yawe na mpangilio, na kiti kinaweza kukaliwa na mwingine kesho. Mkuu ana ukuu, na ukuu humfuata mtu hata nje ya chumba. Kanuni inayochagua neno la pili imekwisha kuamua mengi kabla ya kifungu cha kwanza.

Waraka wa 1968 na kura ambayo usingepata

Kipimo cha kanuni ni hiki: lau kanuni hiyo ingekuwapo wakati wa tukio muhimu kupita yote katika historia ya taaluma husika, tukio hilo lingetokea? Kwa ufundishaji wa fasihi katika Afrika ya Mashariki tukio lenyewe linajulikana. Tarehe 20 Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki, aliwasilisha mbele ya Bodi ya Kitivo cha Sanaa mapendekezo juu ya maendeleo ya idara yake. Tarehe 24 Oktoba ya mwaka huo ukatolewa waraka wa kuyajibu, uliotiwa saini na Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Waraka ulitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawekwe idara ambayo Afrika itakuwa kitovu chake, fasihi simulizi ikiwa nguzo na fasihi za ulimwengu zikipangwa kuizunguka. Yaliyofuata ni mtaala ambao bado unafundishwa kwa sura mbalimbali, pamoja na ule mkutano wa 1974 katika shule ya Nairobi School uliojadili ufundishaji wa fasihi mashuleni.

Wasifu wa waliotia saini ndio unaostahili kutazamwa na waandishi wa kanuni. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa mkuu wa idara. Ngũgĩ alikuwa mhadhiri. Owuor-Anyumba na Taban hawakuwa hata katika Idara ya Kiingereza, kwani kituo chao kilikuwa kitengo cha utamaduni cha Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mkuu wa idara, kwa maana ya kifungu kinachojadiliwa, alikuwa upande wa pili wa hoja. Chama cha wakuu wa idara za Kiingereza za Nairobi, Makerere na Dar es Salaam kingeitishwa mwaka ule kwa kanuni za uanachama wa wadhifa, waraka ule usingekuwa na mlango wa kupitia. Kaimu mkuu angeiwakilisha idara. Idara ingekuwa imesema. Na tashihisi ingemaliza kazi yake.

Mtetezi wa kanuni atajibu kwamba waraka ulipelekwa katika Bodi ya Kitivo, si katika chama, na kwamba mabaraza ya chuo yangali wazi kwa wahadhiri. Jibu hilo linakubali hoja badala ya kuivunja. Bodi ya Kitivo ilikuwa na mlango kwa sababu haikudhani kwamba mkuu ndiye idara. Chama kinachozaliwa leo kinapaswa kujieleza ni kwa nini kiwe na mlango mwembamba kuliko ule wa chuo kishiriki cha mwaka 1968.

Kiti kilichobaki wazi

Tukio la pili linauma zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa Idara ya Fasihi, alichukuliwa nyumbani kwake Limuru na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, wiki chache baada ya leseni ya tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ kufutwa. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978. Kazi yake hakurudishiwa. Mwenzake katika uandishi wa tamthilia ya kesi ya Dedan Kimathi, Micere Githae Mugo, mzaliwa wa Baricho huko Kirinyaga, alichaguliwa kuwa mkuu wa kitivo, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Mwaka 1982 alilazimika kuikimbia nchi na baadaye akavuliwa uraia. Kesi iliyoigizwa katika tamthilia yao ilisikilizwa Nyeri mwaka 1956. Mwandishi mmoja mwenyekiti wa idara, mwingine mkuu wa kitivo. Vyeo vyote viwili vilitoweka pasipo wanaidara wala wanakitivo kupiga kura ya kuviondoa.

Sasa kirejelewe kifungu cha tatu: uanachama utakoma mkuu atakapoacha kushika wadhifa. Kwa kanuni hii, asubuhi ya tarehe 31 Desemba 1977 mwenyekiti wa Idara ya Fasihi ya Nairobi angekuwa amepoteza uanachama wake, na yeyote ambaye angeteuliwa kukaa katika kiti kile angeupata, pamoja na haki ya kupiga kura juu ya azimio lolote la kumtetea mtangulizi wake. Dola isingehitaji kukigusa chama. Ingehitaji tu kubadilisha jina mlangoni. Waliosimama kudai Ngũgĩ arudishwe kazini ni chama cha wafanyakazi wa taaluma, ambacho uanachama wake ulimfuata mtu badala ya kiti, na ndiyo maana serikali haikuwa na njia nyingine ila kukipiga marufuku mwaka 1980. Wahadhiri walipojaribu tena kujisajili mwaka 1993 walinyimwa, wakagoma, na wengi wakafukuzwa. Chama chao, UASU, kilisajiliwa mwaka 2003, baada ya utawala kubadilika na mbunge wa Othaya kuingia Ikulu. Mwaka huo huo rais aliacha desturi ya kuwa yeye mwenyewe chansela wa kila chuo kikuu cha umma. Kwa kifupi, chama kilichoweza kupigwa marufuku kilikuwa kimefanya jambo la kukipigisha marufuku. Chama cha wakuu wa idara, kwa kanuni zilivyo, hakina hatari hiyo, wala si kwa sababu ya busara yake.

Yapo maoni kwamba Katiba ya 2010 imeyafunika haya yote. Ibara ya 36 inalinda uhuru wa kujumuika na kuzuia usajili kunyimwa pasipo sababu ya msingi. Ibara ya 33 inataja uhuru wa kitaaluma. Ni kweli, na ni faida kubwa. Lakini ibara hizo humlinda mtu dhidi ya dola. Hazimlindi mhadhiri dhidi ya kifungu ambacho chama chake chenyewe kimeandika. Hata Sheria ya Vyama, ambayo jedwali lake hutaja mambo yanayopaswa kuwamo katika kanuni za kila chama, huuliza nani anastahili kuwa mwanachama. Haiulizi ametumwa na nani.

Wakuu wa vijiji na mizani ya kahawa

Katika nchi ya Nyeri swali la ametumwa na nani lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Wagĩkũyũ waliendesha mambo yao kwa mabaraza ya wazee, kĩama, ambamo mtu aliingia kwa umri, kwa ada na kwa kukubaliwa na waliomtangulia. Kĩama hakikuwa pepo. Wanawake hawakuwa na nafasi humo, na vijana walisubiri hadi mvi. Ila hakuna aliyekuwa mzee wa kĩama kwa barua. Sheria ya ukoloni ya 1902 na ile ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912 zilileta kiumbe kipya: mtu aliyeteuliwa na serikali, aliyelipwa na serikali, akahesabiwa kuwa sauti ya watu ambao hawakumtuma. Cheo chake katika sheria ya kwanza kinafasirika kwa Kiswahili kuwa mkuu wa kijiji. Neno ni lile lile.

Na haikuchukua muda kabla ya wakuu hao kupewa chama. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoanzishwa kwa marekebisho ya sheria ya 1924, likiwamo la wilaya ya Nyeri Kusini, yalikuwa na machifu na wajumbe wengine mezani, na kiti cha mbele alikalia Mkuu wa Wilaya, Mwingereza. Mabaraza hayo yalijadili shule, barabara na kodi, wakati mwingine kwa ukali. Lingekuwa kosa kuyaita kiini macho kitupu. Lakini walioteuliwa walijua mpaka wao uko wapi, na aliyewateua aliketi hatua tatu kutoka kwao. Anayesoma rasimu ambayo ndani yake Makamu wa Chansela ni 'mlezi wa chama', naye mkuu wa idara aliyeteuliwa naye ndiye mjumbe, ana haki ya kukumbuka picha hiyo.

Mlima huu umetoa pia mfano ulio kinyume. Chama cha Shule Huru za Wagĩkũyũ, KISA, kilichojipanga mwaka 1934 chini ya urais wa Johana Kunyiha wa Nyeri, kingeweza kuwa chama cha walimu wakuu. Hakikuwa hivyo. Shule ilijengwa na kuendeshwa na kamati ya wenyeji waliotoa ardhi, fedha na nguvu zao, mwalimu akiwa mwajiriwa wa kamati, na chama kilisimama juu ya kamati hizo. Palikuwa na mifarakano ya kutosha: wenzao wa Karing'a walijitenga, wakikataa usimamizi wa Idara ya Elimu ambao KISA ilikuwa tayari kuuvumilia. Mfarakano huo ulikuwa wa hoja, na kila upande ulijua unasema kwa niaba ya nani. Shule hizo zilifungwa baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, na waliozifunga hawakupata njia ya kuzitawala kwa kubadilisha mwalimu mkuu peke yake.

Mfano ulio hai upo kiwandani, kule mkulima anakopeleka buni. Mkulima wa kahawa wa Gakindu ana namba yake ya uanachama, na kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ana kura moja, awe na miche mia au elfu. Vyama vikubwa vya kahawa vya Nyeri viligawanyika kwa kishindo baada ya sheria ya 1997 kulegeza mkono wa serikali. Palikuwa na mizozo, pengine na mapigano, juu ya viwanda, malipo na chaguzi. Asiyelijua eneo hilo husema kwamba ushirika ulishindwa. Jambo moja hata hivyo halikuwahi kuzozaniwa: hakuna mkulima aliyependekeza kwamba meneja wa kiwanda, kwa kuwa ndiye anayeshika funguo na kusimamia mizani, apige kura kwa niaba ya kiwanda. Meneja huheshimiwa, huhitajika, na akialikwa mkutanoni hutoa taarifa. Kisha wakulima hupiga kura. Inashangaza kwamba wenye shahada za uzamivu wamekuwa tayari kulikubali ambalo mchuma buni angelicheka.

Hoja za watetezi

Watetezi wa uanachama wa wadhifa wana hoja, na moja ni nzito. Wanasema mkuu wa idara ana matatizo yake ambayo mhadhiri wa kawaida hayajui: mgawo wa fedha usiotosha, walimu wa muda wasiolipwa kwa wakati, ratiba zinazogongana, matokeo ya mitihani yanayochelewa. Anahitaji mahali pa kuyazungumza na wenziwe bila walio chini yake kusikiliza. Haja hiyo ni halali. Wakuu wa shule za sekondari nchini wana chama chao, na hakuna anayeona ajabu. Basi na wakuu wa idara wawe na ukumbi wao wa kupeana ushauri. Kinachokatazwa ni ukumbi huo kutoa tamko juu ya mtaala, juu ya vitabu teule, juu ya viwango vya tasnifu, kwa jina la idara za Kiswahili na fasihi. Tamko la namna hiyo lina wenyewe, na wenyewe hawakuwamo ukumbini.

Hoja ya pili ni kwamba chama cha wafanyakazi kipo tayari, kwa hiyo wahadhiri wana sauti. Hapa vitu viwili vinachanganywa. UASU hujadiliana juu ya mishahara na masharti ya kazi. Haiamui kama fasihi simulizi ifundishwe mwaka wa kwanza au wa tatu. Ikumbukwe pia kwamba Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa kitaaluma, la tarehe 19 Aprili 1990, lilipitishwa na wajumbe wa jumuiya za wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu za Tanzania, si na mkutano wa wakuu wa idara, na pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu walimu wa elimu ya juu linawapa walimu hao haki ya kuchagua wengi wa wawakilishi katika vyombo vya kitaaluma. Mkutano wa walioteuliwa hauwezi kuidai haki hiyo kwa uso mkavu.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani. Chuo hulipa nauli na malazi ya mkuu wa idara. Hakitalipa ya mjumbe aliyechaguliwa. Pengine ni kweli. Basi ada iwe ndogo na itoke mifukoni mwa wanachama, na mikutano ifanyike Karatina au Embu badala ya hoteli za pwani.

Vifungu mbadala

Kanuni zilizo bora si ngumu kuandika. Walimu wote wa idara, wa kudumu na wa muda, wamchague mjumbe wao kwa kura ya siri, kwa kipindi cha miaka miwili, na kumbukumbu za uchaguzi huo zipelekwe kwa katibu wa chama kabla mjumbe hajaketi. Mkuu wa idara asizuiwe kugombea. Akishinda, ameshinda, na kiti chake kitakuwa kimepata miguu ambayo hakikuwa nayo. Mjumbe akiondolewa katika wadhifa, akifukuzwa kazi au kuwekwa kizuizini, ujumbe wake uendelee hadi kipindi kimalizike, wala idara isilazimishwe kumpokea mbadala ambaye haikumchagua. Kaimu mkuu, huyu anayekaimu mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wanafunzi wakadhani Kaimu ni jina lake, ndiye aliye mikononi mwa mteuzi kuliko wote, kwani hana hata barua kamili ya kumtetea. Yeye asiwe na kura yoyote isipokuwa ile aliyopewa na wenzake. Cheo cha mlezi kifutwe. Tamko lolote juu ya mtaala lisambazwe idarani siku thelathini kabla ya kujadiliwa, na maoni ya wachache yachapishwe pamoja na ya wengi.

Kifungu kimoja zaidi ndicho kitakachopingwa kwa nguvu, nacho ni kile kinachowaruhusu walimu wowote watatu, wawe wajumbe au wasiwe, wawe wa idara husika au wa taasisi jirani, kuwasilisha waraka ambao mkutano hauna hiari ya kutousikiliza. Kisiandikwe kwamba waraka huo utasomwa. Kiandikwe: katibu ausome.